Mkihesabu Makocha, Msikiruke Chuo cha Leland

Kila Septemba futiboli ya Kimarekani ya vyuo inaporudi, hapa Ohio hurudi na ubishi wake: chuo gani kimesomesha makocha wakubwa kuliko vyote? Ubishi huo naupenda. Nimeshaufanya kazini, harusini, hata nje ya kanisa. Lakini Jumamosi iliyopita, kwa kinyozi wetu Mkongo hapa Columbus, ulinikera hadi nikaona niandike.

Alabama ilitajwa, Notre Dame ikatajwa, Miami ikashangiliwa. Nilipoulizwa mimi nikasema Leland. Kijana mmoja msomi, mtu ninayemheshimu, akanijibu: "Kaka, hicho chuo hata hakipo." Watu wakacheka, mazungumzo yakarudi kwa Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama.

Ni kweli, hakipo. Leland College, chuo cha watu weusi kilichokuwa Baker, jirani na Baton Rouge, Louisiana, kilifungwa mwaka 1960. Lakini kabla hakijafungwa kilimsomesha Eddie Robinson, aliyeshinda mechi 408 akiwa kocha wa Grambling, chuo kingine cha watu weusi huko huko Louisiana. Mia nne na nane! Bear Bryant wa Alabama alistaafu akiwa na 323. Anayepanga orodha ya vyuo vilivyotoa makocha na kuliacha jina hilo nje, hajapanga orodha yoyote.

Nianze na Miami, maana haki yao wapewe, japo mashabiki wao hawahitaji msaada wangu. Nasema Miami ya mji wa Oxford hapa Ohio, si ile ya Florida. Wanajiita Chimbuko la Makocha na jina hilo wamelifanyia kazi. Alisoma pale Paul Brown, aliyeipa Ohio State ubingwa wa taifa mwaka 1942. Alisoma pale Ara Parseghian, aliyeiinua Notre Dame ilipokuwa imelala na kuipa ubingwa wa 1966 na 1973. Paul Dietzel, bingwa wa 1958 akiwa na Louisiana State University (LSU), ni wao. Bo Schembechler ni wao pia. Alikaa Michigan tangu 1969 hadi 1989, na ingawa ubingwa wa taifa ulimpita, hakuwahi kumaliza msimu akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Wengine watakutajia John Harbaugh na Sean McVay na pete zao za Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Hao ni wa ligi hiyo, sisi tunabishania vyuo.

Halafu kuna Earl Blaik, aliyeipa Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, ubingwa wa 1944 na 1945. Blaik alihitimu Miami mwaka 1918, kisha akaenda kusoma West Point. Miami wanasema ni wao, West Point nao wanasema ni wao, na sijamsikia mtu akilalamika kwamba anahesabiwa mara mbili. Mliweke akilini hilo.

Vingine nivipitie haraka. Yale ina Walter Camp na Amos Alonzo Stagg, na bila hao wawili huenda mchezo wenyewe tusingeutambua. Notre Dame ina Knute Rockne na Frank Leahy, wote wawili wahitimu waliorudi kuifundisha timu yao, na kwa ubora wa watu wawili tu sioni chuo kikubwa kinachowashinda. Samford ya Birmingham, chuo kidogo kabisa, imetoa Bobby Bowden na Jimbo Fisher, na wote wakachukua ubingwa wakiwa Florida State. Brown ina Wallace Wade na Joe Paterno, ila jina la Paterno silitaji bila kuwataja watoto walioharibiwa na Sandusky, msaidizi wake wa miaka mingi. Mechi 409 alizoshinda haziwezi kulifunika jambo hilo.

Kent State nitasimama kidogo, kwa sababu ni ya hapa Ohio na kwa sababu ndiyo inayonifikisha ninakokwenda. Imetoa Lou Holtz, na imetoa Saban mwenyewe, mwenye ubingwa wa taifa mara saba. Saban alikuwa mwanafunzi pale tarehe 4 Mei 1970, siku askari wa National Guard walipowapiga risasi na kuwaua wanafunzi wanne. Alipomaliza shahada hakuwa na mpango wa kuwa kocha. Mkewe Terry alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo, na kocha wao Don James akamwambia Saban abaki amsaidie huku akiendelea kusoma. Akabaki. Kocha mkubwa kuliko wote wa zama zetu aliingia kwenye kazi hii kwa sababu kuna mtu alimfungulia mlango kabla hata hajabisha hodi.

Tazameni sasa Miami walivyofunguliana milango. Woody Hayes alikuwa kocha wao mwaka 1949 na 1950. Alipoitwa Ohio State, nafasi yake akaishika msaidizi wake, Parseghian. Parseghian alipokwenda Northwestern, nafasi akaishika John Pont. Pont alipokwenda Yale akamchukua Carm Cozza, naye Cozza akaja kuirithi Yale na kukaa hadi 1996. Pale Miami nafasi ya Pont ikaenda kwa Schembechler, ambaye alikuwa amefanya kazi chini ya Hayes kule Ohio State, na baada ya Schembechler akaja Bill Mallory. Parseghian, Pont, Schembechler, Mallory: wahitimu wanne wa chuo kimoja wakipokezana kiti kimoja. Sisemi hawakustahili. Walistahili na walifanya kazi kweli kweli. Nasema walikuwa na kiti cha kupokezana, na kila kiti kiliwapeleka kwenye kikubwa zaidi.

Eddie Robinson alimaliza Leland akaenda kufanya kazi kwenye kinu cha chakula cha mifugo Baton Rouge, kwa senti 25 kwa saa. LSU iko mji huo huo. Mwaka 1941 LSU haikupokea hata mwanafunzi mweusi, sembuse kocha. Akiwa na miaka 22 alipata kazi kwenye chuo kidogo cha Weusi kaskazini mwa Louisiana, ambacho baadaye kilichukua jina la Grambling. Hakuwa na kundi la wasaidizi. Alifyeka nyasi za uwanja mwenyewe, aliwafunga wachezaji bandeji, aliandika habari za mechi na kuzipeleka magazetini. Timu iliposafiri walibeba mikate yao, kwa kuwa mikahawa ya njiani haikuwahudumia watu weusi. Msimu wa 1942, mwaka wake wa pili tu, walishinda mechi zote na hakuna timu iliyowafunga hata pointi moja.

Alikaa hapo hadi 1997. Wachezaji wake zaidi ya 200 walifika ligi ya kulipwa. Wanne kati yao, Willie Davis, Buck Buchanan, Willie Brown na Charlie Joiner, majina yao yamo kwenye jumba la mashujaa wa ligi hiyo kule Canton, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka kwenye kiti cha kinyozi ambacho watu walinichekea. Doug Williams, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa kwanza mweusi kuanza na kushinda Super Bowl, ni zao la Robinson.

Na Leland haiko peke yake. Knoxville College ya Tennessee ilimsomesha Jake Gaither. Huyu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo mwaka 1942, na miaka mitatu baadaye akawa kocha mkuu wa Florida A&M. Mpaka anastaafu baada ya msimu wa 1969 alikuwa ameshinda mechi 203, kapoteza 36, katoka sare 4. Zirudieni namba hizo taratibu. Kwa kila mechi moja aliyopoteza, alishinda zaidi ya tano. Bryant mwenyewe hakufikia uwiano huo.

Sasa nirudi kwa Blaik. Gaither alipata shahada ya uzamili Ohio State mwaka 1937. Robinson alipata yake University of Iowa mwaka 1954. Vyuo vikuu vya Kusini mwa Marekani vilivyokuwa na masomo hayo vilikuwa vya wazungu, kwa hiyo mwalimu mweusi aliyetaka kujiendeleza alipanda treni kwenda kaskazini. Kama Blaik ni wa Miami na pia wa West Point, basi Gaither ni wa Knoxville na pia wa Ohio State. Nimeishi Columbus miaka mingi, nimebishana na mashabiki wa Ohio State wanaojua hadi nani alikuwa golini kwao kwenye mpira wa miguu wa kawaida, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia Gaither. Mhitimu wao, mshindi wa mechi 203! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kile kicheko cha Jumamosi.

Najua jibu linalokuja: walicheza na timu ndogo. Nakubali kwamba ratiba ya Grambling haikuwa ratiba ya Michigan. Lakini walizuiwa kucheza na hizo timu kubwa. Hamuwezi kumfungia mtu nje halafu mkamhukumu kwa kutoingia. Na siku mlango ulipofunguliwa kidogo tukaona. Tarehe 29 Novemba 1969 Florida A&M ya Gaither ilicheza na University of Tampa, mara ya kwanza kwa chuo cha Weusi na chuo cha wazungu kukutana uwanjani Kusini. Gaither alishinda 34 kwa 28. Huo ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho.

Wengine wataniambia hayo ni ya zamani. Mwaka 2003 si zamani. Mwaka huo Alabama ilitafuta kocha mkuu, na mbele yake walikuwepo wahitimu wake wawili, Mike Shula na Sylvester Croom. Wote walikuwa wasaidizi kwenye ligi ya kulipwa, na hakuna aliyewahi kuwa kocha mkuu. Croom alikuwa mkubwa kwa zaidi ya miaka kumi, mzaliwa wa Tuscaloosa penyewe, aliyecheza chini ya Bryant na baadaye kufanya kazi kwenye benchi lake. Alabama ikamchukua Shula. Mwisho wa mwaka Mississippi State ikamchukua Croom, na hivyo ndivyo SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya Kusini iliyokuwa ikichezwa tangu 1933, ilivyopata kocha mkuu wa kwanza mweusi wa futiboli. Shula alifukuzwa 2006. Kwa hiyo mtu wa Alabama anaponihesabia wahitimu wake, nami namuuliza ni wahitimu gani walioruhusiwa kuhesabika.

Orodha yangu ni hii, na sitaibadilisha kwa kelele za mtu. Leland ni ya kwanza. Miami inafuata kwa wingi wa watu, Knoxville kwa Gaither peke yake, na Notre Dame ya nne kwa Rockne na Leahy. Mnaotaka kuweka Alabama au Yale juu ya hao, nileteeni kocha mwingine aliyetoka chuo kilichofungwa, akafyeka uwanja wake mwenyewe, akashinda 408. Mkimleta nitamsikiliza, na Jumamosi ijayo nitakuwa pale pale kwa kinyozi.