Namba ya alkoblo au macho ya askari: kipi kinamlinda dereva wa Malindi?

Usiku wa Ijumaa, mtu anayeingia Malindi kutoka upande wa Gede hupunguza mwendo mara aonapo mwanga wa tochi ukipungwa katikati ya barabara, na kama njiani alipitia mahali penye chupa, au hata kama hakupitia, moyo humdunda kidogo. Askari husalimu, huomba leseni, huinamia dirisha kwa karibu kuliko salamu inavyohitaji, kisha huuliza: umekunywa? Swali hilo fupi limebeba kesi nzima. Je, dereva analazimika kulijibu? Akikiri, amekwisha kujishtaki? Na akikana, kitaaminiwa kipi: kauli yake, pua ya askari, au namba itakayojitokeza kwenye kidude cha kupima pombe katika pumzi, ambacho Wakenya wote tumezoea kukiita alkoblo?

Mkanganyiko mwingi unatokana na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2017. Kanuni za upimaji wa pumzi za mwaka 2011 zilikuwa zimeweka kiwango: mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Wafanyabiashara wa baa walizipinga, hawakuridhika na jibu la Mahakama Kuu, wakapanda hadi rufaa na huko wakasikilizwa. Tangu siku hiyo barazani husemwa kwamba alkoblo imepigwa marufuku. Sivyo hasa. Majaji waliona kwamba kanuni ilikuwa imekwenda kinyume na sheria iliyoizaa, kwa sababu kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakizungumzii kuzidi kiwango fulani, bali kinamzungumzia mtu aliyelewa kwa kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kifungu chenyewe kilibaki, na aliyelewa akaendelea kuwa mkosaji kama alivyokuwa jana yake. Kilichoyumba ni njia ya kuuthibitisha ulevi wake, kwa maana kuzidi kiwango ni jambo la hesabu, ilhali kushindwa kulimudu gari ni jambo la macho na ushahidi wa mdomo.

Wanaotetea namba wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Pombe haingoji mtu apepesuke ndipo iharibu uendeshaji wake. Huanza mapema, katika kukadiria mwendo wa gari linalokuja mbele na katika muda wa kupeleka mguu kwenye breki, na mnywaji mzoefu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa mwili wake umekwisha kujifunza kusimama wima huku akili ikichelewa. Mtu wa namna hiyo akishushwa garini na kuambiwa atembee, atatembea, tena kwa madaha, na kwa mizani ya kifungu cha 44 peke yake huenda akarudi kwake akicheka. Barabara ya Malindi hadi Mombasa haina nafasi ya kusamehe ucheleweshaji wa aina hiyo: tuktuk zisizo na taa za nyuma, bodaboda wenye abiria wawili, na baiskeli za watu wanaopeleka madumu ya mnazi mangweni, wote wako humo humo. Isitoshe, kiwango cha miligramu 80, ambacho ndicho Uingereza ilichokiweka katika sheria yake ya mwaka 1967, ni cha upole. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50 kwa madereva kwa jumla na 20 kwa vijana na wageni wa usukani, na Scotland ilikwisha kushuka hadi 50 mwaka 2014.

Upande wa pili unajibu kwamba namba nayo haikushuka kutoka mbinguni. Alkoblo haipimi damu. Inapima pumzi, kisha watunga sheria wanachukulia kwamba alkoholi iliyomo katika kipimo fulani cha damu ni takriban mara 2,300 ya iliyomo katika kipimo hicho hicho cha pumzi. Zidisha mikrogramu 35 kwa 2,300 utapata miligramu 80 na ushee, na hapo ndipo viwango viwili vya kanuni vinapokutana. Lakini uwiano huo hutofautiana baina ya mtu na mtu; Marekani wenyewe hutumia 2,100. Aliyesukutua kinywa kwa dawa yenye alkoholi, au aliyemeza funda la mwisho dakika mbili zilizopita, atatoa namba kubwa inayotoka mdomoni wala si mapafuni, na ndiyo maana upimaji wa uangalifu humsubirisha mtu dakika 15 au zaidi. Kidude kisichosawazishwa kwa wakati wake hudanganya bila haya. Na mrija wa kupulizia, bila shaka, uwe mpya kwa kila mdomo.

Lipo pia suala la kujishtaki. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri jambo litakaloweza kutumiwa dhidi yake. Je, kupuliza ni kukiri? Wamarekani walilibishania swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1966 Mahakama yao ya Juu ilisema kwamba damu iliyotolewa mwilini ni kielelezo, haihesabiki kuwa maneno ya mtu, kwa hiyo kinga ya kutojishtaki haiigusi. Mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Pennsylvania, ikachora mstari mwembamba zaidi: ulimi mzito wa mtuhumiwa haukuwa na kinga, lakini jibu lake alipoulizwa tarehe aliyotimiza miaka sita, jibu ambalo lilimshinda, lilikuwa na kinga, kwa sababu hapo alikuwa akitakiwa kufunua yaliyomo akilini bila kwanza kuonywa. Mwaka 2016 ikaongeza kwamba aliyekwisha kukamatwa aweza kupimwa pumzi bila hati ya mahakama, ila si kutolewa damu. Hukumu hizo hazitufungi sisi, lakini mstari wenyewe unafaa kuazimwa. Kwa maoni yangu, dereva anayekataa kujibu swali la dirishani yumo ndani ya haki yake, na dereva anayekataa kupuliza anajidhuru mwenyewe kuliko anavyojua.

Nasema hivyo kwa sababu kidude kikiondolewa, askari haondoki. Kinachobaki ni macho yake. Marekani, ambako upimaji wa kando ya barabara umepangiwa utaratibu maalumu, dereva hutakiwa kufuatisha kalamu kwa macho ili ionekane kama mboni zinarukaruka, kutembea hatua tisa kisigino kikigusa kidole kisha kugeuka na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja kwa muda wa nusu dakika. Utafiti wa mwaka 1981 uliouweka utaratibu huo ulitoa usahihi wa asilimia 77 kwa macho, 68 kwa kutembea na 65 kwa mguu mmoja, nao ulifanywa chini ya taa za maabara, si kwenye mchanga wa kando ya lami huku lori likipita. Miongozo yao yenyewe inakiri kwamba mzee wa zaidi ya miaka 65, mwenye uzito uliozidi sana, na mwenye maradhi ya mgongo, miguu au sikio la ndani huweza kushindwa akiwa hajaonja kitu. Hayo ni ya askari waliofunzwa na kupewa vipimo vya kuhesabia makosa. Askari ambaye hana utaratibu wowote ulioandikwa, mwenye pua na hisia zake tu, atakuwa wa kuaminika kwa kiasi gani?

Mfikirie dereva aliyefunga, katika Ramadhani, saa kumi na moja jioni, ametoka Mambrui na watoto nyuma. Midomo imekauka, pumzi ya tumbo tupu ina harufu yake, kichwa chepesi, na akisimamishwa kwa mguu mmoja ataanguka. Au mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka, ambaye ulimi humwia mzito na jasho kumtoka hadi watu humdhania mlevi hata hospitalini. Katika mji kama huu, ambamo kushushwa garini kwa tuhuma ya pombe humfikia imamu na wakwe kabla hujafika nyumbani, faini ndiyo adhabu ndogo. Watu hao wawili wana kitu kimoja tu cha kuwaokoa pale pale barabarani: sifuri kwenye kioo cha kidude. Waliosherehekea uamuzi wa 2017 kama ushindi wa madereva walisahau kwamba asiyekunywa ndiye aliyepoteza shahidi wake bora kuliko wote.

Hili halimaanishi kwamba namba ipokewe kama ilivyo. Inafaa pale tu dereva anapopewa karatasi yenye namba hiyo, saa ya kipimo na utambulisho wa kidude, na anaporuhusiwa kutaka kipimo cha pili cha damu hospitalini. Hapa jiografia yetu inaingia kesini. Mwili hupunguza alkoholi ya damu kwa kiasi cha miligramu 10 hadi 20 kila saa katika mililita 100. Aliyesimamishwa Garsen, zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi, akiwa na 100, anaweza kufika kwenye sindano akiwa chini ya 80 baada ya saa mbili, na kesi ikafa. Na yule ambaye kidude kilimsingizia hana njia ya kuonyesha alikuwaje saa ile. Kuchelewa kunampendelea mwenye hatia na kumnyima asiye na hatia, jambo ambalo pande zote mbili za mjadala hulipita haraka mno.

Muguka, majani ya jamii ya miraa, nao unastahili neno. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku, agizo likaishia mahakamani, nao hutafunwa na madereva wengi wanaotaka kukesha. Kifungu cha 44 kinataja dawa pamoja na kinywaji, lakini alkoblo haioni muguka wala bangi hata kidogo. Kwa hao, tutake tusitake, macho ya askari na ya daktari ndiyo yote tuliyo nayo, na hapo ningependelea ya daktari.

Turudi Ijumaa usiku. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha wakati mahakama imefungwa, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa saa tatu usiku wa Ijumaa, saa zake 24 huisha Jumamosi usiku, kwa hiyo huweza kihalali kukaa ndani hadi Jumatatu jioni, ingawa ibara hiyo hiyo inampa haki ya dhamana kwa masharti ya busara tangu kabla ya kushtakiwa. Kati ya haki hiyo na mlango wa seli pana usiku tatu, na ni ndani ya usiku hizo ambapo watu hunong'onezana kiasi gani kitamaliza mambo. Dereva ambaye kidude kilimsomea mikrogramu 20, chini ya zile 35, naye hakupewa karatasi, huingia katika mazungumzo hayo mikono mitupu.