RAM ikiisha, iulize fizikia kabla ya kwenda dukani

Mhandisi yeyote anayeanza kuiga vipandikizi vya mwilini kwa kompyuta hukutana mapema na ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi na kazi imesimama. Akiomba msaada huambiwa aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Akisema hana fedha, huambiwa apunguze idadi ya elementi, yaani vipande vidogo ambavyo modeli hugawanywa ili ikokotolewe, hadi kompyuta ikubali. Ushauri wa kwanza siupendi. Wa pili naupinga kwa nguvu zote, kwa sababu mwisho wa hesabu hizi kuna mgonjwa.

Chukua mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ambaye daktari anataka apimwe kwa MRI. Swali la kama kipimo hicho ni salama kwake si la Ulaya na Marekani tu, maana hata hapa Dar es Salaam vifaa hivyo hupandikizwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mashine ya MRI yenye sumaku ya tesla 1.5 hutumia mawimbi ya redio ya takriban megahezi 64. Waya unaotoka kwenye kifaa kwenda moyoni huyadaka mawimbi hayo kama antena, na joto hujikusanya pale ncha ya waya inapogusa nyama. Kwa hiyo uigaji unahitaji fizikia mbili: sumakuumeme, na usambaaji wa joto mwilini, ambao wengi wetu tunaukokotoa kwa mlinganyo wa Pennes wa mwaka 1948, unaohesabu pia joto linalochukuliwa na damu.

Tatizo linaanzia kwenye vipimo. Mwili unapimwa kwa mita, unene wa waya ni milimita mbili hivi, na ganda linalouzunguka ni sehemu ndogo ya milimita. Ukiijaza nafasi yote kwa elementi ndogo zinazolitosha ganda hilo, hakuna kompyuta ya mezani itakayobeba. Tena ukuaji wake unashtua. Katika pande tatu, ukipunguza ukubwa wa elementi kwa nusu, idadi ya thamani zisizojulikana huwa mara 8. Kwa solva (sehemu ya programu inayotatua milinganyo) ya moja kwa moja, yenye mpangilio mzuri, kumbukumbu inayotakiwa hukua hadi mara 16 hivi, na muda wa hesabu hadi mara 64. Jibu lenyewe ni dogo: thamani milioni 10 za namba changamano huchukua megabaiti 160 tu. Kinachomeza RAM ni matriksi, yaani jedwali la namba za milinganyo hiyo, inapovunjwa vipande viwili vya pembetatu, maana nafasi nyingi zilizokuwa sifuri hujazwa namba. Hata ukinunua RAM mara mbili ya uliyonayo, hupati nafasi ya kupunguza ukubwa wa elementi kwa nusu hata mara moja.

Kabla ya yote, hakikisha ni kumbukumbu ipi iliyoisha. Katika COMSOL, programu ya uigaji, ujumbe unaotaja Java mara nyingi unahusu upande wa programu unaoshughulikia dirisha, jiometri na michoro, na kikomo chake hurekebishwa kwenye faili la comsol.ini bila kugusa solva. Kwenye Linux, kazi ikikatika ghafla bila maelezo, soma rekodi za matukio za kernel (kiini cha mfumo), kwani huenda mfumo wenyewe ndio ulioiua ili kujiokoa. Na zipo solva zilizotengenezwa kwa namba za biti 32, ambazo hukwama zikifikisha nafasi 2,147,483,647 hata kama mashine ina RAM ya kumwaga. Hapo dawa ni toleo la biti 64.

Sasa fizikia. Wimbi la megahezi 64 ndani ya msuli lina urefu wa karibu nusu mita, hivyo nyama iliyo mbali na kifaa haihitaji elementi za milimita. Kopo la kifaa ni la titani, na wimbi hilo haliingii ndani ya metali hiyo hata sehemu ya kumi ya milimita. Mara nyingi nimeona modeli ambazo tumbo la kopo limejazwa elementi ndogo za sumakuumeme ambazo hazina chochote cha kukokotoa. Tumia sharti la mpaka la impedansi, yaani kanuni inayoiwakilisha metali kwa uso wake tu, ndani uache. Hesabu ya joto ndiyo itakayohitaji metali hiyo, nayo inatosheka na elementi kubwa.

Halafu kuna muungano wa fizikia zenyewe. Wimbi humaliza mzunguko mmoja kwa nanosekunde 16 hivi, ilhali joto huchukua dakika kadhaa kupanda. Hakuna sababu ya kuziweka kwenye matriksi moja. Tatua sumakuumeme mara moja kwa masafa hayo, chukua nishati inayopotea ndani ya nyama, ikabidhi hesabu ya joto kama chanzo. Upitishaji umeme wa nyama hubadilika kwa asilimia moja au mbili hivi kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Ukiona mabadiliko hayo yana uzito, rudia kwa zamu, moja baada ya nyingine. Bado RAM haitoshi? Jaribu solva ya marudio, inayolikaribia jibu hatua kwa hatua, au iruhusu solva ya moja kwa moja iandike vipande vyake kwenye diski na ukubali kusubiri.

Mahali pasipoguswa ni ncha ya waya. Ukikuza elementi pale, kazi itakwisha, picha itatoka na rangi nzuri, na joto litaonekana la chini kuliko lilivyo kweli, kwa sababu kilele chake kimesambazwa ndani ya elementi moja kubwa. Kuliko matokeo hayo, heri kazi ikatae kabisa. Kama mwili mzima na ncha ndogo haviwezi kukaa pamoja, vitenganishe: kokotoa uwanja wa umeme katika mwili usio na kifaa, kando ya njia ambayo waya ungepita, kisha tumia tabia ya waya huo, yaani jinsi uwanja huo unavyogeuka joto kwenye ncha yake, iliyopatikana peke yake kwa hesabu au kipimo, kukadiria joto la ncha. Njia hii inatambuliwa katika waraka wa kimataifa wa ISO/TS 10974, na inawezekana kwa mashine ya kawaida. Hata leseni ghali si lazima. Elmer, inayotoka kituo cha CSC cha Finland, ni programu huria.

Wanafunzi wetu wengi wanafanya kazi kwa kompyuta za mkononi, na sioni kwamba hilo linawazuia kufanya kazi ya kuaminika. Ninachokitaka kwenye kila tasnifu ya namna hii ni jedwali dogo: ukubwa wa elementi kwenye ncha, joto lililopatikana, na joto baada ya elementi hizo, zile za pale tu, kupunguzwa ukubwa kwa nusu, kisha nusu tena. Kiwango cha V&V 40 cha mwaka 2018, cha ASME, jumuiya ya wahandisi mitambo ya Marekani, kinataka ushahidi uwe na uzito unaolingana na hatari ya uamuzi utakaofanywa kwa modeli. Kuunguza nyama ya moyo ni hatari kubwa, kwa hiyo msimamizi asiyeliona jedwali hilo airudishe kazi kwa mwanafunzi.