Lazima Moshi kila Desemba?

Wachaga wanaporudi Kilimanjaro kwa Krismasi, mzaha ni uleule kila mwaka: wanakwenda kuhesabiwa. Kuanzia katikati ya Desemba stendi ya Mbezi inafurika, nauli zinapanda kinyemela ingawa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, imetangaza nauli elekezi, na barabara ya Segera hadi Himo inakuwa foleni ya magari yanayotoka Dar. Treni ya abiria, iliyorejea Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi, imepunguza adha kidogo tu. Lakini siku hizi zipo familia zinazosema waziwazi: mwaka huu hatupandi kwenda Moshi.

Wana hesabu zao. Mafuta ya kilomita zaidi ya 1,000 kwenda na kurudi, mbuzi wa ndafu, mchango wa mbege (pombe ya ndizi), kitu kidogo cha kila shangazi, halafu Januari inabisha hodi na ada, sare na kodi ya nyumba. Zipo pia ndoa za mchanganyiko: mke wa Bukoba naye ana wazazi, na wanamsubiri mwaka wa ngapi sasa? Tena muulize mkamwana yeyote Krismasi ya ukweni ilikuwaje. Atakusimulia masufuria.

Wazee hujibu kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Si kweli sana. Krismasi yenyewe ililetwa na wamisionari, Wakatoliki na Walutheri, mwishoni mwa karne ya 19, na mtu harudi nyumbani kabla hajaondoka. Kilichowaondoa wengi ni ardhi. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kikigawanywa kwa wana, kizazi baada ya kizazi, kinabaki vipande visivyolisha mtu. Kahawa ikalipa ada, shule ikawapeleka vijana mijini. Safari ya Desemba ni mila ya watu wa mishahara na maduka, iliyofuata likizo za shule na za kazini. Sioni kwa nini isihamishwe.

Kugumu ni kwingine. Kule juu watu hawaendi kula tu. Kikao cha ukoo ndipo mipaka ya kihamba inaposemwa mbele ya mashahidi, na ndipo inapoamuliwa nani ataishi kwenye nyumba ya wazazi. Kwa desturi ni kitinda mimba, ila kitinda mimba ana duka Mwanza. Ndugu wasiosemezana wanapelekeana sale, jani la kuombana radhi, na jani la sale halitumwi kwa WhatsApp. Makaburi yamo kihambani humohumo. Watoto nao wanaonyeshwa nani ni nani, maana binamu wasiojuana wakikutana chuoni wanaweza kuleta posa ya aibu.

Kwa hiyo kuhama tarehe nakubali, ninachokipinga ni ile kauli ya "kila mtu aje akipata nafasi." Ukoo ukifika hapo haukutani tena, wanapishana tu getini. Pasaka haifai: likizo ni fupi, na masika yanageuza njia za migombani kuwa tope. Juni ni baridi, lakini shule zimefungwa na nauli ni ya kawaida. Hasara yake ipo, tena si ndogo. Harusi, kipaimara na harambee za kanisa hupangwa Desemba kwa sababu kijiji kizima kimerudi. Ukoo utakaopanda Juni utajikuta wenyewe kwa wenyewe, bila wale mliosoma nao shule ya msingi.

Halafu kuna bibi. Tarehe 25 yeye atakwenda kanisani na kurudi na nani? Kumtumia hela na ya kutolea ni vizuri, lakini hela haikai naye jikoni. Ukoo unaotaka kuhamia Juni upange kwanza zamu ya Krismasi, nyumba moja kila mwaka, iandikwe kwenye kikao hichohicho cha Desemba cha mwisho, kabla watu hawajatawanyika. Na zamu ya kwanza wapande wana wa kiume peke yao, wampikie mama yao.