Njia ya Mama Mkwe

Wapandaji wa miamba wana desturi moja iliyonivutia tangu siku nilipoisikia: mtu wa kwanza kuipanda njia fulani ya jiwe hadi juu ndiye mwenye haki ya kuipa jina. Mimi ni mhasibu, na katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kukipa jina kitu chochote isipokuwa mafaili, kwa hiyo desturi hiyo ilinikaa rohoni. Tena nilikuwa na sababu ya pili, nayo ni deni. Katika mahari ya mke wangu walikuwa wamesalia ng'ombe wawili, na kila nilipofika ukweni, mama mkwe alilitazama zizi kwa muda mrefu kabla ya kuitikia salamu yangu.

Basi nilimpigia simu nikamwarifu kwamba Jumamosi ningekwenda Naivasha, katika Mbuga ya Hell's Gate, nikaupande Mnara wa Fischer kwa njia ambayo haijapandwa na mtu, na kwamba njia hiyo ingeitwa Njia ya Mama Mkwe.

"Jiwe lenyewe lina kimo gani, baba?" akauliza.

"Kama mita 25 hivi, mama."

Alinyamaza kidogo, nadhani akizigeuza mita kuwa ng'ombe. "Na huyo Fischer, hatakasirika?"

Nikamweleza kwamba Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyewahi kukaa Zanzibar, kwamba mwaka 1883 alifika Naivasha, Wamaasai wakamzuia asiendelee mbele, na kwamba alifariki mwaka 1886.

"Yaani alishindwa na safari, wakampa jiwe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hata wewe unaweza."

Mke wangu ndiye aliyekuwa na mashaka. Alitaka kujua ni haki gani inayomruhusu mtu kupanda yeye na kuliandika jina la mwingine, nami nikampa mfano wa Mlima Kenya. Halford Mackinder alipofika kilele cha juu kabisa tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, hakukiita Mackinder. Vilele vya mlima ule alivipa majina ya viongozi wa Wamaasai, ndiyo maana leo tuna Batian, Nelion na Lenana. Nelion ipo jirani kabisa na Batian, lakini haikupandwa hadi Januari 1929, walipofika Eric Shipton na Wyn Harris, na kwa miaka yote hiyo jina lilikuwa linawasubiri juu. Sikumtajia, kwa kuwa halikunifaa, jina jingine ambalo Mackinder alilitoa mlimani humo: barafu waliyoivuka karibu na kilele, iliyowachukua saa kadhaa wakichonga vidato kwa shoka, aliiita Almasi kwa sababu ya ugumu wake. Jina hilo lilitokana na yaliyowapata njiani, na mimi sikutarajia kupatwa na lolote.

Jumamosi tuliingia mbugani kwa baiskeli za kukodi, jambo linaloruhusiwa pale, na baada ya mwendo mfupi kutoka langoni mnara ukatokea. Ni jiwe lililosimama peke yake kama jino lililosalia kinywani mwa mzee. Wataalamu husema ni rojo la volkano lililogandia ndani ya koo la mlima, kisha mlima wenyewe ukamomonyoka na kuliacha koo wazi. Kijana wa kamba aliyetupokea alikuwa na maelezo yake. Alisema kwamba kwa Wamaasai lile ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakatazwa asigeuke nyuma, akageuka kuitazama boma ya kwao, akawa jiwe. Sikuuliza kama mahari yake ilikuwa imelipwa yote.

Nikauzunguka mnara nikichagua. Upande mmoja kulikuwa na foleni ya wanafunzi waliokuja ziara na mwalimu wao, na njia yao ilikuwa imelainika kwa kushikwa mno. Upande wa pili, palipokuwa na ufa mrefu wenye michirizi myeupe na ya kahawia, hapakuwa na mtu.

"Hapa nani amepanda?" nikauliza.

"Hapo hakuna mtu hupanda, mzee," akajibu kijana.

Nakiri sasa kwamba mtu mwenye busara angeuliza swali moja zaidi. Mimi nilivaa mshipi na kofia ngumu. Kijana akapanda kwa njia ya kawaida, akaifunga kamba juu na kuiteremsha upande wangu, huku mwenzake akiishika chini. Wapandaji wakali husema kwamba aliyepanda kwa kamba iliyofungwa juu hajapanda kwa kwanza hasa, kwa kuwa mpanda wa kwanza hutangulia na kamba yake inabaki chini yake. Lakini mhasibu hujifunza mapema kukisoma kifungu kwa namna inayomfaa.

Mita 5 za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha ikaja harufu, kwanza kwa upole, halafu kwa nguvu, na ile michirizi niliyoidhani ni madini ikaanza kunata vidoleni. Nikautia mkono wa kulia ndani ya ufa kutafuta pa kushika, nikashika kitu chenye joto na manyoya. Kile kitu kikapiga yowe. Mimi pia nikapiga yowe, na nasikia langu ndilo lililofika langoni.

Alikuwa pimbi, yule mnyama mdogo akaaye majabalini. Alitoka ufani na meno yake mawili marefu ya mbele, akanipita begani, akaendelea kupanda ukuta uliosimama wima bila kamba wala kofia, kwa maana nyayo zake ni laini na zina unyevu unaozifanya zishike jiwe kuliko kiatu chochote cha dukani. Mimi niliachia mikono yote miwili. Kamba ikanidaka, ikaniyumbisha kama kengele, na kila nilipoyumba nilifuta michirizi ya ukuta kwa shati langu, kifua kwenda, mgongo kurudi. Pimbi huenda haja mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, mpaka mkojo unaganda jiweni. Nilikuwa nimelichagua hilo jiwe.

Chini, wanafunzi walikwisha kuacha njia yao wakakusanyika. Nikamsikia mwalimu, ambaye ni wazi hakuwa mtu wa kupoteza nafasi ya kufundisha, akisema: "Tazameni kule juu, watoto. Anaonekana mdogo, lakini ni jamaa wa karibu wa tembo." Mpaka leo sijui alikuwa akimwonyesha nani.

Mita za mwisho nilivutwa kama ndoo ya kisimani. Nilipofika juu nilimpigia mama mkwe, pimbi wanne wakinitazama, nikamwambia kwamba kazi imekwisha na jina limekaa. Akashukuru sana. Kijana wa kamba alipolisikia jina hilo alicheka hadi akaketi, kisha akaniambia kwamba tangu akiwa mtoto wao hupaita pale Choo cha Pimbi. Nikampa noti mbili anisaidie kulisahau.

Sikujua kwamba mama mkwe alikuwa amekitangazia chama chake cha akina mama. Baada ya majuma matatu walikodi gari la matatu, wakavaa vitenge vya sare na kunitaka niwaongoze. Tulipofika mnarani, yule kijana hakuwepo. Alikuwepo mwingine, mchangamfu, ambaye sikuwahi kumpa noti.

"Mwanangu," mama mkwe akamwuliza kabla sijafungua kinywa, "ile njia mpya, iliyopandwa na mkwe wangu, ni ipi?"

"Ile ya mzee aliyepiga kelele? Choo cha Pimbi? Hii hapa, mama. Msikaribie sana, inanuka."

Akina mama wakatazamana. Mama mkwe hakusema kitu. Aliitazama ile michirizi kutoka chini hadi juu kwa muda mrefu, kama anavyolitazama zizi, kisha akanigeukia.

"Baba," akasema, "hivi wale ng'ombe walikuwa wawili, au watatu?"