Kidole tumbo kilichopoa: kitolewe au kiachwe?

Usaha umenyonywa, antibiotiki zimefanya kazi, homa imeshuka. Kisha daktari anamwambia mgonjwa wa miaka 50 arudi baada ya miezi michache akatolewe kidole tumbo ambacho hakimuumi tena. Wengi humwona daktari huyo kuwa mwenye haraka ya kukata.

Hoja yao ina uzito. Hakuna upasuaji usio na hatari, na wengi waliopoa hawaumwi tena. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wenye ugonjwa wa kidole tumbo waliopewa antibiotiki walifuatiliwa, na ndani ya siku 90 ni takriban 3 tu kati ya 10 waliokuwa wamepasuliwa. Kwa kijana ambaye ugonjwa haukufika kutunga jipu, sina ubishi nao.

Aliyevuka miaka 40 na akapata jipu, huyo habari yake ni nyingine. Nchini Finland, wagonjwa 60 waliopona jipu la kidole tumbo waligawanywa: wengine wapasuliwe, wengine wafuatiliwe kwa picha za MRI. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu vivimbe, yaani uvimbe unaoweza kuwa saratani, vilikutwa kwenye vidole tumbo kwa wingi usiotarajiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kivimbe kwa mtu 1 kati ya 5, na wote waliokutwa nacho walikuwa na zaidi ya miaka 40.

Namba hiyo imenikaa kichwani. Watu 60 ni wachache, nakubali, na si kila kivimbe kilichokutwa kilikuwa saratani. Lakini katika vidole tumbo vinavyotolewa kila siku, vivimbe hukutwa katika takriban 1 kwa 100. Ipunguze hesabu ya Finland kwa nusu, bado ni mara kumi. Na picha ya CT haitoi uhakika: kivimbe kidogo kilichozungukwa na nyama iliyovimba huonekana kama mabaki ya ugonjwa tu.

Kikiwa bado ndani ya kidole tumbo, kivimbe cha aina inayotoa ute mara nyingi hukoma kwa upasuaji mdogo. Kikipasuka, ute humwagika na kuota kwenye utando wa tumbo. Hapo kazi huwa ya saa kumi hivi: kubandua utando, pengine kuondoa wengu na vipande vya utumbo, kisha kuosha tumbo kwa dawa ya saratani yenye joto la nyuzi 42. Tathmini ya mwaka 2012 ya wagonjwa 2,298 waliotibiwa hivyo iliona 63% wakiwa hai baada ya miaka kumi, jambo la kushukuru sana; lakini karibu robo walipata madhara makubwa na 2% walifariki kutokana na matibabu yenyewe.

Kwa hiyo mwenye miaka 40 na zaidi aliyepona jipu, ningemwambia arudi akitoe. Kitolewe kizima bila kupasuka, kisha kipelekwe maabara ya patholojia hata kama kwa macho kinaonekana safi.