Ruzuku ya Budapest na Imani ya Wahungaria wa Marekani

Wanaotilia shaka uaminifu kwa Marekani wa Wahungaria waliohamia huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hawakosi ushahidi. Kuanzia 1904 baadhi ya sharika zao za Kikalvini, yaani za Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Yohana Kalvini, ziliwekwa chini ya kanisa mama la Hungaria, na serikali ya Hungaria, yenye makao yake Budapest, ikawa inapitisha kimyakimya fedha za kuzisaidia, ili raia wake wasisahau kwao. Septemba 1915 Rais Wilson alitaka balozi wa Austria-Hungaria (dola iliyoziunganisha Austria na Hungaria), Konstantin Dumba, aondolewe nchini, baada ya Waingereza kunasa barua yake iliyoeleza mpango wa kuvuruga kazi katika viwanda vya chuma na silaha kwa kuwatumia wafanyakazi waliotoka katika dola yake. Dola inayotunza wachungaji kwa mkono mmoja na kupanga migomo kwa mkono wa pili haiwezi kushangaa watu wake wakitazamwa kwa jicho la pembeni.

Hoja hiyo ina uzito, ila inapima nia ya mtoa fedha tu na kumwacha muumini aliyeketi kanisani. Wengi wao walikuwa wanakijiji waliokwenda kuchimba makaa ya mawe Pennsylvania au kuyeyusha chuma Cleveland, wakitarajia kurudi na akiba ya kununua shamba. Kanisa ndilo lililowapa mtu wa kuwazika kwa lugha yao pale ajali ya kazini ilipotokea, na haja hiyo ilikuwapo kabla ya ruzuku: usharika wa Cleveland ulianza mapema miaka ya 1890.

Tumtazame mfanyakazi wa kiwanda cha silaha mwaka 1915. Serikali ya kwao ilikuwa imetangaza kwamba raia wake atakayetengeneza silaha za kuwauzia maadui zake ana hatia ya uhaini, na wakati huohuo majirani zake Wamarekani walimshuku kuwa kibaraka wa serikali hiyohiyo. Wengi waliendelea na kazi. Tarehe 7 Desemba 1917 Marekani ilipotangaza vita dhidi ya Austria-Hungaria, aliyekuwa hajachukua uraia akawa raia wa nchi adui, ingawa hakulazimishwa kujiandikisha kama Wajerumani walivyolazimishwa. (Kanada haikuwa na upole huo: watu 8,579 waliwekwa kambini, wengi wao wakiwa raia wa Austria-Hungaria, hasa Waukraine.)

Ni kweli kwamba mwaka 1918 iliundwa jumuiya ya uaminifu ya Wahungaria wa Marekani, ikiongozwa na Alexander Konta kwa msaada wa idara ya propaganda ya serikali ya Marekani iliyoongozwa na George Creel. Mimi siupi uzito mkubwa ushahidi wa aina hiyo, kwa kuwa anayenunua hatifungani za vita, yaani anayeikopesha serikali fedha za vita, kwa mapenzi na anayezinunua kwa hofu hupewa stakabadhi ileile.

Kinachonishughulisha zaidi ni yaliyotokea baada ya vita. Fedha za Budapest zilikuwa zimekatika, na Mkataba wa Trianon wa 1920, mkataba wa amani na Hungaria, ulikuwa umeinyang'anya Hungaria karibu theluthi mbili za ardhi yake. Oktoba 1921, huko Tiffin, Ohio, kanisa mama lilikubali kuzikabidhi sharika hizo kwa dhehebu la Kimarekani. Kama kilichowaunganisha waumini kilikuwa ruzuku, hapo ndipo wangetawanyika. Na kama wangekuwa wafuasi watiifu wa Budapest, wangepokea uamuzi wake bila neno. Zipo sharika zilizoingia katika dhehebu jipya, na sioni sababu ya kuzilaumu, maana deni la jengo halisubiri. Nyingine zilikataa kukabidhiwa, na mwaka 1924 wawakilishi wake walikutana Duquesne, Pennsylvania, wakaunda kanisa huru la Wahungaria lisilokuwa chini ya Budapest wala chini ya dhehebu la Kimarekani, na gharama zake wakazibeba wenyewe.