Nyumba walilipia, dhahabu wameazimwa

Watoto tuliwaahidi dhahabu katika makumbusho ya kasri la Manhyia, Ghana, lakini walinaswa kwanza na tausi wanaotamba uani, kisha na televisheni kuukuu ya mfalme. Kitinda mimba aligoma kabisa kumsogelea Yaa Asantewaa, malkia shujaa wa Waashanti. Sanamu zile za nta hukutazama kama mama mkwe.

Usiende Manhyia, Kumasi, ukitafuta minara. Kasri hili la Waashanti ni nyumba ya kawaida tu ya 1925, Waingereza walimjengea Prempeh wa Kwanza, mfalme waliyemkamata 1896 na kumrudisha 1924. Sehemu kubwa ya uhamisho wake aliimalizia Shelisheli, walikotupwa pia Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Mke wangu, ambaye kwao ni Hoima, hukohuko Bunyoro, aliposikia hivyo akasimama. "Kumbe alikuwa na mzee wetu!"

Lakini nyumba ya bure Waashanti waliikataa. Walilipa kwanza gharama ya ujenzi, ndipo mfalme akahamia. Kasri la zamani lililipuliwa na wanajeshi wa Uingereza 1874, baada ya kuzoa vya kuzoleka. Zawadi gani tena kutoka kwa mtu huyo?

Ndiyo maana dhahabu yenyewe ilinikaa kooni. Mwaka 2024 makumbusho mawili makubwa ya London yalileta hapa vitu 32, vingi vikiwa vya kuporwa, kwa muda wa miaka 3 inayoweza kuongezwa mingine 3. Yaani wameviazimisha. Wanasema sheria zao haziwaruhusu kuviachia. Mwaka huohuo makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalirudisha vitu 7 moja kwa moja, wala mbingu hazikuanguka.

Simlaumu Asantehene, mfalme wa Waashanti, kwa kupokea. Bora watu wake wavione. Ila kwetu kuazimana kuna adabu zake. Sufuria ya jirani huirudishi tupu, unaweka hata maandazi mawili. Huyu kakaa na sufuria miaka 150, leo anakuletea upikie, huku anahesabu siku.

Binti yangu alisoma maelezo ukutani mara mbili.

"Baba, muda ukiisha na Waashanti wakakataa kuvirudisha London, watafanywa nini?"

Nilimwangalia kijana aliyekuwa akitutembeza. Akacheka, akatuonyesha chumba kinachofuata.